Mkojo wa Jumatatu

Kengele ya kutoka ilipolia, wanawake wa kiwanda cha rangi pale Nyakato walipanga foleni ya choo, kila mmoja na kopo lake la maji. Bernadeta alitoka akijifunga kanga, akatangaza: "Leo kijani cha shule, jamani. Na kizito!" Waliokuwa nyuma wakaitikia kwa kichwa. Pipa la siku hiyo lilikuwa la kijani, na aliyechanganya kijani hukojoa kijani. Wiki ya krimu walikojoa krimu, wiki ya ugoro wakakojoa ugoro. Choo chenyewe, ambacho kampuni haikuwahi kukipiga hata brashi moja, kilikuwa kimependeza kuliko ofisi ya meneja. Kilichowaudhi wanawake ni kwamba hakuna sabuni.

Kila Ijumaa waligawiwa pakiti ya maziwa, eti yanakata sumu. Waliyanywa, kwa sababu maziwa ni maziwa.

Selina, mke wa Projest, alikuwa na mimba iliyoanza kuonekana. Kazi yake ilikuwa chumba cha kuchanganya, kule tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, inakomiminwa kwenye pipa na harufu inakupanda kichwani mpaka unasahau jina la mama mkwe. Alitaka jambo moja tu: ahamishiwe kufunga vifuniko, uani, penye upepo wa ziwa. Aliyemtia hofu ni Bernadeta. Mimba ya Bernadeta ilitoka wiki ya damu ya mzee, ile rangi nyekundu iliyoiva ya mageti, na kutwa nzima alidhani ni rangi tu. Alisimulia bila kulia, huku akikwangua kucha zake. Kulia alikuwa ameshalia zamani.

Selina akamwendea msimamizi wao, Mashimba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mayu," akaitikia. Kwao Usukumani mayu ni mama.

Mashimba alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. "Kuhama ni mpaka dokta aone sumu kwenye mkojo," akasema. "Na kila Jumatatu wako unakuwa mweupe kama wa mtoto. Vumilia, mayu. Tembo hashindwi na mkonga wake."

Hapo ndipo penye ukorofi. Dokta wa kampuni, kijana mstaarabu aitwaye Nathaniel, alikuwa anapima Jumatatu asubuhi, watu wakiwa wametoka mapumzikoni. Wala hakuficha kitu. Alipoulizwa alieleza vizuri kabisa, tena kwa furaha, kama mtu anayesifia gari lake.

"Tina ukiivuta inaingia damuni. Ini linaikamata, linaigeuza kitu kinachoyeyuka majini, figo zinakitoa na mkojo. Ukipumzika siku moja, mbili, kimeshatoka. Mwili ni fundi, mama!"

"Sasa dokta, si uwe unakuja Jumamosi tukitoka kazini?" Selina akamwuliza.

"Jumamosi niko kwenye kliniki yangu, Igogo."

Basi Selina akaamua kuubana mkojo mpaka Jumatatu. Jumamosi hiyo pipa lilikuwa la bluu, bluu ya mabati. Kengele ilipolia aliipita foleni ya choo bila kugeuza shingo, akaenda zake nyumbani, akapika, akafua, akalala. Lakini usingizi hakuupata.

Jumapili alikwenda misani, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Padri alihubiri juu ya subira, na akahubiri kwa muda mrefu, Mungu amsamehe. Wenzake walipopiga magoti yeye alibaki ameketi, mikono juu ya tumbo. Ilipofika sadaka kucha zake zilikuwa za bluu. Jirani yake kwenye benchi alizitazama, akamnong'oneza kwamba hiyo rangi imetulia, ameipata saluni gani?

Jioni weupe wa macho nao ukaanza kubadilika. Projest akashindwa kula.

"Selina, kakojoe bwana. Unajiua."

"Nikikojoa leo, kesho nitaonekana mzima."

"Si ndiyo vizuri kuonekana mzima?"

Selina alijifunga kitenge juu ya tumbo, akamwomba mtoto amwie radhi kwa kumbana, akageukia ukutani.

Jumatatu aliingia chumba cha dokta akitembea kama aliyebeba beseni la maji kichwani. Alipewa kichupa. Kikajaa, akapewa kingine, na kingine, mwisho wakaleta ndoo. Ulikuwa bluu tupu, bila wasiwasi wowote. Selina alikaa kwenye kiti akihema, na kwa mara ya kwanza tangu ajue ana mimba akasikia raha. Sasa wameona wenyewe.

Dokta alikiinua kichupa dirishani. Akakitazama sana, akamwita Mashimba. Mashimba akamwita meneja. Meneja akachovya kijiti, akapaka kwenye kipande cha bati, wakasimama wote watatu wakisubiri kikauke. Kikakauka bila mchirizi hata mmoja.

"Rangi yetu inapauka mvua mbili tu," meneja akasema taratibu. "Hii imeshika. Huyu mama anafanya kazi sehemu gani?"

"Kuchanganya, bosi. Anaomba kuhama."

"Ahame aende wapi? Abaki hapo hapo."

"Na mtoto?" Selina akauliza.

Dokta aliacha kuandika. "Mtoto analindwa na kondo la nyuma, mama. Usijali." Hakumtazama usoni alipolisema hilo.

Selina aliumia. Aliumia moyo kuliko kilivyomuuma kibofu, akataka kuimwaga ile ndoo sakafuni, lakini ilikwisha kuchukuliwa. Kabla ya chai alikuwa chumba cha kuchanganya tena, kitenge puani, anakoroga. Wiki hiyo choo cha wanawake kiliwekewa ndoo safi zenye mifuniko, moja kwa kila rangi. Sabuni haikuletwa. Bernadeta alizitazama zile ndoo, akacheka kicheko kibovu. "Loo! Hata mkojo nao wameuchukua."

Miezi ikapita, Selina akajifungua zahanati, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Nepi ya kwanza ikawa bluu. Nesi Noela aliikunja, akaiweka pembeni, akafunga nyingine.

"Nyie ni wa kiwanda cha rangi?"

"Ndiyo," Selina akajibu.

"Basi msihofu. Wa kwenu wote wanaanza hivyo. Wa juzi alikuwa krimu."

Projest alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi. "Itaisha, nesi?"

"Itaisha, baba. Akipumzika siku mbili tatu."

"Apumzike na kazi gani, waitu?" Projest akasema, Kihaya kikimponyoka. "Si ndiyo kwanza amefika."

Nesi akatabasamu kidogo, akaenda kitanda kinachofuata.