Mto Tulioufagia

Kambare walipoutoroka mto wetu kwa uchafu, sisi wanawake tuliingia kuusafisha kama tunavyofagia ua. Tuliondoa taka, magogo na hata majani ya majini, maji yakang'aa. Tukasubiri kambare warudi, wapi!

"Wifi, tumekosea wapi?" nikamwuliza mke wa kaka yangu.

"Wewe ungekubali kuzalia uwanjani, mchana kweupe?" akanicheka.

Tukayarudisha magogo na kupanda matete. Leo kivuli chake kimejaa kambare wadogo, kila mmoja na sharubu zake kama mzee.

Nikawategea wajukuu: "Kitendawili!"

"Tega!"

"Mgeni wangu hukimbia nyumba iliyofagiwa."

"Vumbi!"

Nilicheka hadi nikakaa chini. "Si vumbi, wajukuu wangu. Twendeni mtoni nikawaonyeshe jibu."