Ncha ya Pili ya Kamba

Mimi na Evon ni binamu, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba, kwa hiyo ni watani. Kwetu kaskazini kwenye barafu, kando ya mto Kuskokwim, naweza kumwita kichwa cha samaki mbele ya kasisi, naye haruhusiwi kununa. Lakini alipomposa Nastasia, ambaye mimi nilimpelekea samaki wakavu miaka miwili bila kuthubutu kufungua mdomo, utani wangu uliingia sumu. Nilimwonea wivu hadi usingizi ukanikimbia.

Evon ni rubani. Asubuhi ile jalidi, ule umande unaogeuka barafu, ilikuwa imeganda juu ya mabawa ya ndege yake ndogo. Huwa tunaisugua kwa kamba iliyolazwa juu ya bawa: mmoja upande huu, mwingine ule, tunavutana mpaka bawa liwe safi. Evon akanirushia ncha moja.

"Shika, Nikifer, mzee wa kuchelewa!"

"Mwambie mchumba wako akushikie," nikasema, mikono mfukoni.

Akacheka, akachukua ufagio. Alifagia pale alipofikia tu. Katikati ya mabawa jalidi ikabaki. Niliiona. Nikajisemea, vizuri, ndege igome kuinuka, kijiji kizima kimcheke.

Mara Nastasia, aliyekuwa akitutazama kutoka ukingoni, akaja na begi lake, akapanda. Lo! Sikujua kwamba naye anasafiri. Evon alikuwa ameshaketi na kuwasha injini; nikakimbilia dirisha lake.

"Evon, zima! Mabawa yana jalidi, mtaanguka!"

"Umemsikia?" Evon akamwambia Nastasia. "Wivu wa huyu umeshaota ndevu!"

"Haki ya Mungu, nasema kweli!"

"Jana uliapa hivyohivyo kwamba panya wamekula injini."

Nastasia alicheka mpaka akajifuta machozi. Ndege ikateleza juu ya barafu ya mto, ikainuka kimo cha nyumba, ikalala upande wa kushoto, ikaanguka kwenye theluji ya ukingoni.

Nilikimbia nikilia. Niliwakuta hai. Mguu wa Evon ulikuwa umevunjika vibaya. Nastasia, paji la uso likivuja damu, amevua glavu na kumshika mashavu yasigande.

"Niliwaambia," nikasema nikihema.

"Ulisema ukiwa umeficha mikono," Nastasia akajibu bila kunitazama. "Angalau ungeshika kamba, Nikifer."

Nilimshukuru Mungu kwamba wako hai, nawaapieni. Lakini macho yangu, mimi mshenzi, yalikuwa kwenye ile mikono mitupu iliyomshika mashavu.