Chuo Kilichonikataa

Hajazaliwa mtu wa kunibana mimi, Rémi Daigle. Nifungie mlango, nitatokea dirishani. Nifungie dirisha, nitakuchekesha mpaka unifungulie mwenyewe. Walimu wanalijua hilo, padri analijua, na kocha wetu wa mpira wa magongo alishasema kwamba ulimi wangu ungekuwa mguu, ningekuwa timu ya taifa.

Sasa nikwambie nilikuwa nimekaa wapi Alhamisi ile ya likizo ya Aprili. Kiti cha nyuma cha gari la mama, katikati. Kushoto kwangu Babu Alcide, na yale mabega yake yaliyobeba magunia ya viazi miaka hamsini. Kulia dada yangu Josée, miaka kumi na minne, viwiko kama misumari. Kiti cha mbele kilikaliwa na faili la mama. Milango ya nyuma haifunguki kwa ndani, tangu siku Josée alipofungua wake gari likiwa mwendoni ili atupe ganda la ndizi. Ningemchekesha nani anifungulie? Aliyeshika usukani alikuwa mama, na mama ndiye niliyekuwa namkimbia.

Ilikuwa siku ya tatu ya kunichagulia chuo. Baba tu ndiye aliyebaki nyumbani, maana mbegu za viazi hazijikati zenyewe, lakini kila jioni alipiga simu kuuliza, "Mtoto amependa kipi?"

Shida ni kwamba mtoto alikuwa amekwisha kuchagua tangu Novemba.

Kuna maombi ya chuo ambayo ni kama ndoa ya kanisani. Unaomba chuo kimoja mapema, unaahidi kwa maandishi kwamba wakikukubali utakwenda tu, na vingine vyote utaviandikia kwamba umejitoa. Fomu hiyo husainiwa na mwanafunzi, mshauri wa shule na mzazi. Mimi nilikitaka Chuo cha Tillbrook tangu mwaka wa pili wa sekondari. Wanafunzi wake wana kituo cha redio, na kila Jumamosi mchana wana saa mbili za vichekesho. Nilikuwa nakisikiliza kipindi hicho kwenye simu wakati wa mavuno, juu ya mashine, nikitenga mawe na viazi, mpaka msimamizi akadhani nina degedege.

Nilimwambia mama. Akasema, "Hatusaini kitu ambacho hatujakiona kwa macho. Aprili tutavizungukia vyote, ndipo tusaini."

Ukiijua kazi ya mama utamwelewa. Mama hukaa dirishani kwenye ushirika wa akiba na mikopo mjini kwetu, na jimbo limempa muhuri wa kushuhudia sahihi za watu. Unaleta hati yako, anashusha miwani mpaka ncha ya pua, unaonyesha kitambulisho, unasaini mbele ya macho yake, ndipo anagonga. Aliwahi kumrudisha nyumbani kaka yake wa tumbo moja, kwa sababu alisaini hati ya shamba akiwa bado garini. Mjomba hakuja kwetu Krismasi ile. Mama hakujuta.

Basi kwa mama wa namna hiyo, mimi nilikaa na kompyuta, nikafika palipoandikwa "mzazi", nikapiga: Monique Daigle. Herufi kumi na tatu. Niliona ni jambo la kupita tu, nitalipatia maneno baadaye. Mama nikamwambia nimeomba mapema bila kuahidi kitu.

Desemba Tillbrook wakanikubali. Nilicheza peke yangu gereji mpaka nikaangusha koleo la theluji. Jioni mama akauliza mezani, "Tillbrook wamesemaje?" Nikisema ndiyo, atataka kusoma barua. Akisoma barua, ataona nimefungwa. Akiona nimefungwa, atauliza nani alisaini. Ulimi wangu, ule wa timu ya taifa, ukajibu wenyewe:

"Wamenikataa."

Mama aliweka uma chini akalia. Babu akainuka, akanikaangia ploye tatu, zile chapati zetu zenye vitundu, akanipakia siagi kwa mkono wake. "Kula, mjukuu wangu. Hao hawajui viazi wala watu." Nikala. Sijawahi kula dhambi tamu kama ile.

Ikaja Machi. Wenzangu wanapokea majibu, na mama ananitazama kila asubuhi kama sufuria iliyogoma kuchemka. Huruma ikanishika, na huruma ya mwongo ni uongo mwingine: nikamwambia vyuo vitatu vimenikubali, barua ziko njiani. Vyote vitatu nilikuwa nimeviandikia kujitoa tangu Krismasi. Mama akalia tena, safari hii kwa furaha, akaomba likizo kazini, akachora jedwali. Chakula, mabweni, wahadhiri, umbali wa kurudi nyumbani. Alama moja mpaka kumi.

Hivyo ndivyo nilivyojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Chuo cha kwanza, kama vilivyofuata, niliwatangulia mapokezi wakati mama akitafuta mahali pa kuegesha. Jina langu kwenye kompyuta yao lingesema nimejitoa, kwa hiyo niliandikisha la Josée. Msichana wa kututembeza alitembea kinyumenyume kama kaa, anatabasamu, na kila swali akamtupia Josée.

"Kwa hiyo Josée, ungependa kusoma nini?"

"Mimi? Kucha."

"Kucha?"

"Kupaka watu kucha. Na kidogo historia."

Mama akaninong'oneza, "Mbona wanamwuliza mtoto?"

"Wanamwahi mapema, mama. Ushindani umekuwa mkali."

"Na wewe uliza kitu basi! Si umekubaliwa?"

"Taratibu, mama. Wengine hapa hawajakubaliwa, tutawatonesha."

Akanibusu kipara cha... hapana, sina kipara, ila nilijihisi nazeeka. Akanibusu paji la uso, akasema kwa sauti, "Moyo wa huyu mtoto!" Josée akanitazama kwa pembe ya jicho. "Moyo gani," akasema. "Hiyo ni gesi." Chuo kikapata alama saba.

Cha pili kilianguka kwenye ukumbi wa chakula. Babu alionja viazi vya kuponda, akaacha kijiko mdomoni kitambo, kisha akamwita mpishi.

"Kijana, hivi vimetoka kwenye boksi."

"Ndiyo, mzee."

"Kiazi hakitoki kwenye boksi."

"Ni unga wake, mzee. Unaongeza maji ya moto."

Babu akamgeukia mama. "Monique, twende zetu. Mtoto wangu hawezi kuishi miaka minne na watu hawa." Mama akakifuta chuo kile kwa rula, mstari ulionyooka.

Kikabaki cha tatu, na cha tatu mama alikipenda. Nilimwona anavyokipenda. Alishika kuta za maktaba kwa kiganja. Aliuliza maswali ya mashine za kufulia. Alikaa kitandani kwenye chumba cha maonyesho, akatoa viatu, akatulia kidogo. Yeye hakusoma chuo. Alimaliza sekondari Juni, Julai akawa dirishani.

"Rémi," akasema, "mimi hapa ningelala vizuri."

Nilisema nini? Nilisema, "Ni pazuri, mama." Nilikuwa na njia mia za kujitoa na nikachagua hiyo. Dakika kumi baadaye nilikuwa nimevishwa fulana nzito ya kijani yenye jina la chuo hicho kifuani, herufi kubwa kama za mlangoni kwa daktari wa meno, na mama alikuwa kwenye simu na baba. "Amechagua! Ndiyo, mwenyewe! Hapana, sikumsukuma, muulize Babu!"

Tukaingia garini kurudi kaskazini. Josée akalala, kiwiko chake mbavuni mwangu. Mama alikuwa anaimba.

"Jumapili tukitoka kanisani tunakaa mezani," akasema. "Unasaini wewe, halafu nasaini mimi. Unajua, nimeshuhudia sahihi za bonde letu zima. Nyumba, magari, talaka. Hii moja ndiyo nimeisubiri miaka kumi na minane."

Nikaona ni sasa au sitasema tena.

"Mama."

"Naam, kipenzi."

"Hivi mtu akimsainia mwenzake... tuseme kwa nia njema tu..."

"Kwa nia njema inaitwa kughushi."

"Na kwa nia mbaya?"

"Inaitwa kughushi." Akanitazama kwenye kioo. "Kwa nini?"

"Nauliza tu. Somo la uraia."

Babu akacheka, tumbo lake likanitikisa. "Uliza na bei ya dhamana, mjukuu wangu."

Nikahesabu miti. Nikaona ubao wa kijani kando ya barabara kuu: Tillbrook, maili nane. Nikafumba macho upite. Nikasikia taa ya kukata kona. Tik, tik, tik.

"Mama, tunakwenda wapi?"

"Kwa wale."

"Wale wapi?"

"Waliokukataa. Nataka kuwaona sura."

"Mama! Watu hawafanyi hivyo!"

"Mimi nitafanya. Sitapiga kelele. Nitawaonyesha hiyo fulana, niwaambie asanteni, mmemkosa, siku njema. Nimeibeba hii tangu Desemba, Rémi. Umekuwa ukitabasamu kila siku ili nisiumie, unadhani sioni?"

Jamani. Hilo lilinichoma kuliko kama angenipiga.

"Tutaonekana washamba."

"Sisi ni washamba. Tuna shamba."

"Tumbo linaniuma."

"Toa ulimi," akasema Babu. Nikatoa. Akaukagua kwa makini kama anakagua mbegu. "Ulimi mzima. Ni mrefu tu."

Josée alikuwa ameamka. "Yuko kijani," akasema kwa furaha. "Hapana, ni fulana."

Nilijaribu mlango hata hivyo. Kitasa kilikuja mkononi kwa ulaini kabisa, kikarudi, mlango haukusogea. Gari liliingia kati ya majengo ya matofali niliyoyajua yote kwa picha. Nikaona mlingoti wa redio juu ya paa, mwekundu na mweupe, mrefu kuliko nilivyodhani. Miezi minne nilikuwa nauota nikiwa macho, na siku ya kuuona nikauona katikati ya kichwa cha babu na cha dada, nikiomba Mungu tairi lipasuke.

Mama akaegesha. Akaja mwenyewe kunifungulia kwa nje. "Shuka. Jinyooshe. Herufi zionekane."

"Nibaki na Babu?"

"Babu anashuka," akasema Babu. "Nataka kuona viazi vyao."

Mama akanishika mkono juu ya kiwiko, si kwa ukali, lakini ungehitaji koleo kumtoa. Tukapanda ngazi hivyo hivyo, kama mimi ndiye hati na yeye ndiye amenileta kugongwa. Ukumbi wa ofisi ya udahili ulikuwa na zulia, mahali pa moto, na wazazi wawili watatu waliokaa wima. Msichana mwenye kibandiko kifuani, Odalys, alikuwa anapitisha biskuti kwenye sinia. Akamfikia mama, akatabasamu. Akanifikia mimi. Sinia likainama.

"Haa! Rémi! Rémi wa viazi!"

Ukumbi mzima ukageuka.

"Mnafahamiana?" mama akauliza.

"Sijawahi kumwona maishani," nikasema, na hilo, kwa mara ya kwanza tangu Desemba, lilikuwa kweli.

"Kweli, ni kwenye skrini tu!" Odalys alikuwa anacheka. "Mkutano wa Januari, mama, ule wa mtandaoni wa waliokubaliwa. Huyu alituvunja mbavu, sisi wa redio tumeshamwekea kiti. Mbona umevaa hiyo fulana? Ndiyo mzaha wenyewe?"

"Waliokubaliwa," mama akasema.

"Mama, akina Rémi ni wengi. Bonde lote lile, ukitupa jiwe..."

"Wa kumwiga mama yake ni mmoja tu!" Odalys akaweka sinia mezani ili mikono yake iwe huru. Nikamtolea macho. Nikatikisa kichwa. Yeye akadhani namchochea. Akashusha miwani isiyokuwepo mpaka ncha ya pua, akakunja midomo, akasema kwa sauti ile, yangu ya Januari, sauti ya mama kabisa: "'Hata kama nimekuzaa, kitambulisho!'"

Baba mmoja kwenye kochi akacheka. Josée akacheka, akaacha. Babu akavua kofia.

"Na halafu," Odalys akaendelea, bado ana furaha yake, "ile ya fomu, jinsi alivyoona mama atachelewesha, akaamua amwandikie jina mwen..."

Hapo ndipo alipoiona miwani ya mama, ya kweli, ilivyokaa kwenye ncha ya pua.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na hakika kitu kitatoka. Siku zote hutoka. Hakikutoka kitu.

Mama aliuachia mkono wangu. Hakunitazama. Alimgeukia Odalys kwa upole, ule wa dirishani, anaoutumia kwa wateja walioshika kalamu wakatetemeka.

"Binti yangu," akasema, "hiyo sahihi, ulimwona akiiandika?"

"Hapana, mama. Alitusimulia tu." Odalys akanitazama nimsaidie, nami nikatazama zulia. "Tuliomsikia tulikuwa arobaini na watatu."