Watoto wa Nyumba ya Mbegu

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, saa moja na nusu asubuhi, wafanyakazi wa duka la pembejeo walijipanga mistari miwili kati ya lundo la mbolea na mizani kubwa ya sakafuni, wakasomewa habari zao. Waliosimama nyuma walipiga chafya kwa vumbi la dawa ya mbegu. Karani alipanda juu ya mizani ili aonekane, mshale ukacheza ukatulia, akaanza kusoma karatasi iliyoitwa Habari za Nyumbani.

Utaratibu huo uliwekwa na Mzee, mwanzilishi wa duka, ambaye sasa alikuwa marehemu. Jambo lolote la mfanyakazi lilihesabiwa kuwa limetokea siku liliposomwa. Dereva wa lori alipata mapacha katikati ya mwezi, na kwa wiki mbili nzima wenzake waliendelea kumuuliza mimba ya mkewe inaendeleaje, naye akawajibu kwamba inaendelea vizuri. Mlinzi aliyefiwa na kaka yake alingoja hadi Jumatatu ndipo akalia. Hakuna aliyeona ajabu. Kila kazi ina mambo yake.

Mstari wa mwisho wa karatasi ndio uliopigiwa makofi. Mfanyakazi aliyetimiza miaka kumi alitangazwa kuwa mtoto wa nyumba. Alipewa soda na kofia mpya, na ndani ya wiki mbili uso wake ukageuka kuwa wa Mzee.

Pua ndiyo iliyotangulia, pana, yenye kovu dogo upande wa kushoto. Yakafuata masikio, halafu mwanya, na mwisho zile nyusi zilizokutana katikati, ambazo kwenye picha ya ofisini zilimfanya Mzee aonekane kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi. Mtunza stoo alikuwa na uso huo. Fundi wa mabomba ya kupulizia dawa alikuwa nao. Mama wa chanjo za kuku aliupata pamoja na masharubu yake, akawa ananyoa kila asubuhi kabla ya kufungua friji, na wenzake walikuwa na adabu ya kutomtazama mdomoni. Wateja ndio waliosumbuka kidogo. Mkulima mmoja alirudisha bomba linalovuja, akazungushwa madirisha matatu, akaondoka akilalamika kwamba mzee yuleyule amemkatalia mara tatu na kila mara amebadili shati.

Watoto wa Mzee wa kuzaa hawakufanana naye hata chembe. Mkurugenzi alichukua sura ya mama yake, na dada yake mkurugenzi, ambaye duka zima lilimwita Shangazi, vilevile.

Karani alikuwa amebakiza siku ishirini na sita kutimiza miaka kumi, naye aliogopa tangu anaamka hadi analala. Hakuwa mtu wa kujipenda kwenye kioo. Shida ilikuwa mama yake. Kumbukumbu za mama huyo zilikuwa zimemtoka moja moja, kama vyombo vya jikoni vinavyoazimwa bila kurudishwa: kwanza majina ya majirani, kisha njia ya kwenda sokoni, kisha tofauti ya asubuhi na jioni. Kilichobaki kilikuwa uso wa karani, binti yake na mtoto wake wa pekee. Akiuona uso huo, alifungua kinywa akala. Asipouona, alibana meno. Jirani aliyeshinda naye mchana alikwishajaribu kubembeleza, kukaripia na hata kuimba, na mama alimtazama kwa huruma tu, mdomo umefungwa kabisa. Kwa hiyo alikula mara mbili kwa siku, kabla karani hajaenda kazini na baada ya kurudi, na daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba mwili ule hauna akiba ya kuruka hata mlo mmoja.

Karani alimwendea mkurugenzi, akamkuta anahesabu punje za mahindi zilizoota kwenye kitambaa kibichi.

"Bosi, naomba mwezi ujao jina langu lisisomwe."

Mkurugenzi aliacha kuhesabu. Alionekana ameumia kweli. "Kwani tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Ni mama. Ananijua kwa uso tu."

"Hata mimi mama yangu alinijua kwa uso."

"Lakini wako haukubadilika, bosi."

"Wewe hujui tu raha inayokungoja," mkurugenzi alisema. "Mtoto wa nyumba haandikiwi barua ya onyo. Hana mkataba wa kuisha. Nani anampa mwanawe mkataba?"

"Na likizo?"

"Likizo ya kutoka nyumbani kwako uende wapi?"

Akarudi kwenye punje zake, na kwa kuwa alikuwa amesahau alipofika, akaanza upya kutoka moja.

Kuandika Habari za Nyumbani ilikuwa kazi ya karani mwenyewe, basi akafanya alichoweza. Aliandika kwamba dereva amepata mapacha wengine, kwamba geti la nyuma limepakwa rangi, kwamba wafanyakazi wa sehemu ya mbolea wanakumbushwa kuvaa vitambaa vya pua watakavyonunua wenyewe. Chini hakuandika kitu. Ijumaa alimpelekea Shangazi karatasi aikague, na Shangazi akairudisha ikiwa na mstari mmoja wa kalamu nyekundu. "Umejisahau, mwanangu," alimwambia, akambana shavu. "Watu wa moyo kama wako ndio wanaotufaa."

Usiku wa kuamkia Jumatatu karani hakupata usingizi wa maana. Asubuhi alisimama mbele ya wenzake, akasoma mapacha, akasoma geti, akasoma vitambaa vya pua, akakunja karatasi.

"Umeruka mstari," Shangazi alisema kwa upole.

Mistari miwili ya watu ilimngoja, nusu yao wakiwa na uso mmoja. Mama wa chanjo alitazama chini. Karani akaikunjua karatasi, akasoma jina lake kwa sauti ndogo, akaambiwa arudie kwa sababu wa nyuma hawakusikia, akarudia. Makofi yalikuwa mengi. Soda ilikuwa ya moto.

Pua ilifika Alhamisi. Karani alikuwa amejipanga kumzoesha mama yake kidogo kidogo, na kwa siku chache ilielekea kufaulu; mama aliitazama ile pua mpya kwa shaka, akala nusu bakuli. Masikio yalipofika alikula robo. Siku nyusi zilipokutana, karani aliingia chumbani na bakuli la uji, na mama yake, ambaye kwa miezi minne hakuwa amesimama bila kushikwa, aliinuka kitandani akasimama wima, mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee," alisema.

Mama huyo naye alikuwa amefanya kazi dukani pale, miaka saba, enzi za Mzee, akichambua maharage ya mbegu kwenye kibanda cha nyuma. Karani alilijua hilo, ila hakuwahi kuliona kuwa na uzito wowote. Sasa alisogea na kijiko. Mama akarudi hatua moja.

"Hapana, mzee. Saa za kazi hatuli."

Alikaa tena, akavuta blanketi, akaanza kuchambua nyuzi zake, nzuri kulia, mbovu kushoto. Asubuhi hakula. Jioni hakula. Karani alijaribu kujifunika uso kwa kitambaa, mama akadhani ni mwizi akapiga yowe hadi jirani akaja mbio na mwiko. Alijaribu kuzima taa na kusema naye gizani, maana sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote, na mama akajibu kwa heshima kwamba anaisikia sauti ya mwanawe lakini itakuwa ni mawazo tu, kwa kuwa mtoto yuko nyumbani. Karani mwenyewe naye akaacha kula.

Siku ya tatu mama aliacha kuchambua.

"Mzee, naomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini, mama?"

"Mtoto wangu ana homa. Nimemwacha kwa jirani. Tangu asubuhi naomba, mzee, samahani kwa kukusumbua. Nikifika nyumbani nitakula naye, maana akiniona nakula na yeye anakula."

Karani aliweka bakuli chini. Alikuwa na miaka mitano alipougua homa iliyomwacha sikio la kushoto halisikii. Alikua akijua kwamba siku ile mama yake alikwenda kazini kama kawaida na kurudi jioni kama kawaida. Hakuwahi kumuuliza kwa nini, na ukweli ni kwamba hakuwahi kumsamehe. Alimpikia, alimwosha, alimlisha, yote hayo kwa mikono ya mtu mwenye kinyongo. Akalia palepale, kwa macho ya Mzee, na mama yake akatazama pembeni kwa sababu si adabu kumtazama bosi akilia.

"Nenda, mama," alisema alipoweza kusema. "Nimekuruhusu. Nenda kwa mwanao."

Mama alitabasamu kidogo. "Usinitanie, mzee."

"Sikutanii."

"Basi niandikie karatasi. Bila karatasi mlinzi hafungui geti."

Karani aliandika karatasi. Mama hakujua kusoma, lakini aliigeuza huku na huku, akapitisha kidole pembeni.

"Haina mhuri."

Karani alichora mhuri kwa wino wa buluu, akizungusha kalamu kwenye kizibo cha chupa. Mama aliutazama kwa makini, akairudisha karatasi kwa mikono miwili. "Mzee unanijaribu," alisema. "Mimi si wa kughushi."

Mhuri wa duka ulikaa kwenye mkoba wa Shangazi, na mkoba wa Shangazi ulikaa mapajani pake. Kesho yake karani aligonga mlango, akaweka karatasi mezani. Shangazi alitoa mhuri, akaupulizia pumzi ili wino ulainike, kisha akavaa miwani asome kwanza, kwa kuwa alikuwa mtu mwangalifu.

"Anayeomba ni nani?"

"Mama yangu. Alikuwa mchambuaji wa maharage, enzi za Mzee."

"Namkumbuka. Mikono myepesi. Sababu?"

"Mtoto anaumwa homa."

"Pole. Mtoto yupi?"

"Mimi," karani alisema. "Shangazi, hajala siku ya nne leo. Akipata mhuri atakula. Ni mhuri tu."

Shangazi aliinua macho, akamtazama uso, uso wa baba yake mzazi, na machozi yakamlengalenga. Alimpenda sana baba yake. Alisogeza mkono akamlainishia nyusi kwa kidole gumba.

"Huyo mtoto si ni wetu sasa?" alisema. "Tutamwangalia wenyewe. Mwambie mama aendelee na kazi, asiwe na wasiwasi wowote."

Akaurudisha mhuri mkobani, akafunga zipu.

Jioni karani alikuta jirani amekaa mlangoni, mikono magotini. Ndani mama yake alikuwa ameegemezwa kwa mito miwili. Vidole vilikuwa vimekonda, lakini vilikuwa bado kazini, na rundo la nyuzi nzuri lilikuwa kubwa kuliko la jana. Aliposikia hatua alijaribu kusimama, akashindwa, akaomba radhi.

"Mzee, karatasi yangu imetoka?"

"Bado, mama."

"Si kitu, mzee," mama alisema. "Ni homa tu. Watoto huwa wanapona."

Akainama tena kwenye blanketi.