Bi Harusi Aliyeingia Kinyumenyume

Watu wa heshima huota usiku. Mimi jana niliota saa nane mchana, shavu likiwa juu ya meza ya ofisi, tumbo limejaa ubwabwa na maharage, na kalamu bado iko mkononi.

Naitwa Stumai. Huu mwaka wa ishirini na tatu naandika vibandiko kwenye makumbusho ya mawe, na nasema bila haya kwamba mwandiko kama wangu mjini hapa hakuna. Mwezi huu tumeletewa sanduku la trilobiti. Ni viumbe wa baharini wenye gamba, waliokwisha wote zamani sana, hata kabla dinosaria hawajaja, wakabaki wamegeuka mawe. Kazi yangu ni kumgundisha kila mmoja kwenye kadi na kuandika ukoo wake.

Mia moja na kumi na wawili niliwamaliza. Mmoja akanishinda: nilimgundisha Jumatatu, kwenye kadi nikaandika namba tu. Ni mdogo kama punje ya dengu, hana macho, na kichwa na mkia wake vimefanana mpaka unachoka kutazama. Daktari Kisamo, mkuu wangu, naye alishachoka.

"Bi Stumai," aliniambia asubuhi, "ikifika saa kumi hana ukoo, anaingia kwenye ndoo ya changarawe. Kesho tunaimwaga kwenye njia ya bustanini."

Niliumia, jamani. Ukae chini ya bahari miaka yote ile, halafu uje ukanyagwe na watoto wa shule!

Basi nikala, nikasinzia, nikaota.

Niko ukumbini. Kuna maua ya plastiki, viti vimevalishwa vitambaa, na rula yangu ya sentimita thelathini imevaa suti. Ndiye mwenyekiti wa kamati.

"Umechelewa, dada," ananiambia. "Wageni wanasubiri utambulisho. Shika hiki."

Ananipa kipaza sauti.

"Utambulisho wa nani?"

"Wa ndugu wa bi harusi. Tunamuaga leo. Kwani si wewe unayejua koo za watu?"

Aliyewahi kwenda kwenye sherehe ya kumuaga bi harusi anajua. Hakuna kula mpaka ndugu wote watambulishwe, shangazi kwa shangazi, na kila mmoja asimame acheze kidogo. Masufuria yako kwenye kona, yanatoa mvuke, na wageni wanayatazama. Siwezi kukataa.

"Kabla hujaanza," anasema kipaza sauti, "trilobiti ana mafungu matatu. Yataje."

"Kichwa, kiwiliwili na mkia."

Ukumbi unaguna. Bibi mmoja anafunika uso kwa khanga.

"Kulia, katikati na kushoto," kipaza sauti ananiambia kwa huruma. "Mgongo umegawanyika kwa urefu. Hata jina limetoka hapo. Miaka ishirini na mitatu, dada?"

"Trilobiti wamekuja mwezi huu," najitetea.

Mlangoni kuna utaratibu. Kila mgeni akifika anafungua uso wake, anauweka kwenye sinia, na Rula anakagua mishono. Trilobiti akijivua gamba, uso wake hufunguka palepale penye mshono, na kwa njia uliyopitia mshono unamjua ni mtoto wa nani. Hakuna anayeona aibu. Wanasalimiana na kuulizana habari za nyumbani huku nyuso zao ziko kwenye sinia.

Nakohoa. Naanza.

"Ukoo wa Kofia!" Wanasimama, wamevaa makofia mapana yaliyojaa matundu kama chujio la chai. Wanacheza taratibu yasianguke.

"Ukoo wa Miba!" Hawa wanacheza peke yao. Aliyewahi kuwakumbatia hasahau.

"Ukoo wa Macho!" Kila jicho lina lenzi zilizoachana, unaweza kuzihesabu moja moja. Wananigeukia na lenzi zote, nasahau nilichotaka kusema.

Nyuma kabisa, karibu na choo, kuna meza ndefu kuliko zote. Kibao kimeandikwa Mengineyo, na soda wamekwisha kuzifungua.

"Nyie mna undugu gani?" nawauliza.

"Hatujui," anajibu mmoja, anatafuna njugu. "Kila aliyekosa pa kukaa alielekezwa huku. Tumezoeana sana."

Rula anainua mkono. Muziki unabadilika. Mlango unafunguliwa, watu wanasimama na simu zao tayari kupiga picha.

Bi harusi anaingia kinyumenyume.

Anakuja mkia mbele, shela limemfunika miguu, anagonga meza ya keki, anaomba radhi, anaendelea. Vigelegele vinakatika njiani.

"Mbona anatembea hivyo?" anauliza bibi wa khanga.

"Ndivyo nilivyobandikwa," anasema bi harusi.

Ni yule yule, punje yangu ya dengu, na kadi iliyo chini yake ina mwandiko wangu mzuri.

"Mkia umeuweka juu, shangazi," ananiambia, wala hana hasira. "Tangu Jumatatu naenda ninakotoka. Nilidhani ndiyo desturi ya hapa."

"Nisamehe, mwanangu! Ncha zako zimefanana. Kichwa ni kipi?"

"Papasa mgongo wangu. Hilo tuta la katikati, linapokuwa pana ndipo mkiani."

Napiga magoti mbele ya watu wote na kitenge changu cha ofisini. Natia ukucha chini yake, gundi inalia kwi, namgeuza. Anavuta pumzi ndefu. Ukumbi unapiga makofi, na mimi najiona nimefanya la maana la kwanza tangu mwezi uanze.

Lakini Rula hajamaliza.

"Fungua uso," anamwambia bi harusi.

"Haufunguki. Hauna mshono."

"Macho?"

"Sina."

"Pingili za kifua?"

"Mbili."

Minong'ono inaanza. Wenzake wanazo nane, kumi, kumi na tano. Rula ananigeukia mimi.

"Mtambulishe. Ndugu zake ni akina nani?"

Sijui. Natazama karatasi yangu, ni tupu. Kuta za ukumbi zinakuwa za plastiki ya buluu, zinapanda juu, zinakuwa duara, na dari linaondoka. Tumo ndani ya ndoo. Changarawe inaanza kutuangukia, punje moja moja, halafu kwa mafungu. Huko nje nasikia viatu vya watoto wa shule, mamia, vinakuja.

Bi harusi ananishika kidole kidogo.

"Shangazi," anasema polepole, "kama huna la kusema, sema tu kwamba nilikuwepo."

Hapo nalia. Nalia kwa sauti, na kipaza sauti kinaieneza mpaka kwenye masufuria. Halafu nakasirika, kwa sababu mimi nikilia sana hukasirika.

"Mtoto huyu ana kwao!" napaza sauti. "Mwenye mtoto asimame! Asimame sasa hivi!"

Changarawe inazidi kumwagika.

Kifuniko cha sufuria ya pilau kinainuka. Kamba mmoja mwekundu anasimama humo ndani, ana kitunguu begani.

"Huyo ni wetu," anasema. "Nimeiona miguu yake alipogeuzwa. Hiyo ni miguu ya ukoo wa kamba na kaa."

"Thubutu!" Shangazi mmoja wa Ukoo wa Macho amesimama juu ya kiti. "Tazama hiyo miguu ya kichwani ilivyopangwa. Ni kama yetu! Huyo ni binti wa ndugu yetu aliyehama nyumbani mapema. Keti wewe, umekwisha kuiva."

"Nimeiva, lakini si mwongo."

"Mwachie!"

"Mwachie wewe!"

Wanamvuta, huyu huku na yule kule, na bi harusi katikati anacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kutoka kwa jiwe. Ukoo wa Kofia unamsaidia shangazi. Kaa wawili wanatoka kwenye supu kumsaidia Kamba. Hata Mengineyo wanapiga kelele kwamba akikosekana wa kumchukua, kwao kuna kiti na soda. Changarawe inayoanguka sasa ni pilau, ya moto, ina iliki.

"Pande mbili haiwezekani!" anafoka Rula. "Kibandiko kina mstari mmoja!"

Basi kutoka meza ya nyuma anainuka mama mmoja ambaye hakuna aliyekuwa amemwona. Mgongo umepinda kwa juu, kiwiliwili kimenyooka kwa chini, na chini kabisa ameweka kigoda chake cha duara. Ni Alama ya Kuuliza. Mkoba wake ameutundika kwenye mpindo wa mgongo.

"Mwandikeni kwa trilobiti," anasema. "Huko ndiko wengi wanakomwona. Mimi nitakaa ubavuni pake. Siku akija mwenye ushahidi, nitanyanyuka."

"Na asipokuja upesi?"

"Nina kigoda."

Rula anamtazama Kamba. Kamba anatafakari, anatoa kitunguu begani.

"Basi mimi nipewe meza ya mbele," anasema. "Huwezi kujua."

"Utapewa!" Shangazi wa Macho anamkumbatia, anaungua, wanacheka wote wawili.

Nanyanyua kipaza sauti. Namtaja. Nasema huyu ni binti wa trilobiti, na pembeni ni mama yake wa hiari, Alama ya Kuuliza, na mbele kule ni Kamba, jirani mwenye madai. Vigelegele! Trilobiti wote wanajikunja kuwa mipira na kubingirika sakafuni, maana ndiyo ngoma yao, na tuko chini ya bahari, maji ni ya vuguvugu, na Rula anakata kiuno mpaka naogopa atavunjika. Bi harusi anacheza akitazama mbele. Bwana harusi simjui, ndoto haikunionyesha, wala hakuna aliyemuulizia. Pilau inatumwagikia wote.

"Bi Stumai!"

Niliinua kichwa. Shavu lilikuwa na alama za kalamu. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano, na Daktari Kisamo alisimama mlangoni na ndoo ya buluu mkononi.

"Yule mmoja," akasema. "Yuko wapi?"

"Subiri, Daktari. Nakuomba, subiri kidogo."

Niliandika kwa mwandiko wangu wote: Trilobiti. Kisha nikachora mgongo uliopinda, na chini yake nikaweka kigoda. Nikasukuma kadi mbele yake kabla sijapoteza ujasiri.

Daktari aliigonga kwa kidole. "Hii alama ya kuuliza ni ya nini?"

"Anamshikia kiti."

Nilingoja anicheke. Hakucheka. Ndoo aliiweka chini, taratibu, nje ya mlango.

"Kweli bado wanabishana juu yake," akasema. "Mwache hapo." Kisha akachukua kioo cha kukuzia, akainama. "Afadhali pia umemgeuza. Tangu Jumatatu alikuwa kichwa chini, nikawa nasita kukwambia."

"Mimi sijamgusa, Daktari."

Nikajaribu kwa ukucha. Gundi ilikuwa kavu, ngumu, haijabanduka popote. Na kichwa kilikuwa juu.

Daktari alikuwa bado ameinama. "Bi Stumai," akasema, "leo wewe si ulikula ubwabwa na maharage?"

"Ndiyo."

"Sasa hii punje ya pilau mgongoni mwake imetoka wapi?"