Diski ya Kwaya ya Usoke

Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2024. Asubuhi mawingu yalikuwa yamefunga upande wa Usoke na upepo ukaleta harufu ya mvua, lakini hapa Mtendeni halikudondoka hata tone. Nilisali nusu ya rozari nikimwagilia mchicha. Nusu ya pili niliiweka kwa ajili ya jioni.

Jioni ndiyo darasa. Nina miaka hamsini na sita. Kusoma nilijifunza nikiwa na hamsini, na sasa najifunza kompyuta na vijana wanaoniamkia kwanza, kisha ndipo wananicheka. Wiki mbili zilizopita mwalimu wetu Abdulatifu aliponiona na diski ya zamani ndani ya mfuko wa rambo, aliuliza ina nini.

"Ina sauti ya mke wangu," nilimjibu.

Esperansi alizaliwa Ulyankulu, na ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kwaya yetu ya Usoke. Miaka mitatu iliyopita alipasuliwa koo. Alipona, Mungu ni mwema, lakini sauti ilibaki mnong'ono. Zamani aliniita kutoka jikoni nikiwa mwisho wa shamba la tumbaku, nami nikasikia. Siku hizi anagonga sufuria kwa kijiko. Naitika, ila moyo hauitiki.

Mwaka 2009 alirekodi wimbo kwenye kompyuta ya kwaya. Haukumalizika. Baadaye kompyuta iliungua, ikapona diski tu, na ile programu ya kurekodia haifunguki kwenye mashine za leo. Abdulatifu akanakili diski yote. Akasema tutawasha kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya, kwa QEMU, programu ya mfumo wa Linux inayoigiza kompyuta nzima.

"Ila hatuchukui iliyokwisha kupikwa," alisema. "Utaijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, yale maandishi yanayoiunda, Mzee Mathias, ujue kilichomo."

Niliijenga wiki iliyopita. Mashine ya zamani ikawaka, wimbo ukafunguka. Mstari wa kijani ulipanda na kushuka pale Esperansi anapoimba. Niliona hadi mahali alipovuta pumzi. Lakini sikusikia chochote.

Kwa hiyo leo nilikuja na Esperansi, akae karibu tukiitafuta hitilafu. Tulibadilisha spika za masikioni. Tulipandisha sauti ndani ya mashine ya zamani. Yenyewe ilidai kadi yake ya sauti ni nzima, na mstari uliendelea kucheza kimya.

Abdulatifu alikuna kidevu. "Mzee, siku ile ulipoiandaa QEMU kabla ya kuijenga, mwishoni ilitoa orodha ndefu, imepata nini na imekosa nini. Kwenye sauti iliandika nini?"

"Sikuona, mwalimu."

"Hukuona vipi? Si ulikuwa mbele yake?"

"Nilikuwa nimefumba macho. Nilikuwa namwomba Mungu ifanikiwe."

Darasa zima likacheka. Issa, fundi pikipiki anayekaa nyuma yangu, akapiga meza. "Mzee ameiombea mpaka ikawa bubu!"

Kisha akamkumbuka Esperansi, akaziba mdomo. Lakini Esperansi alikuwa wa kwanza kucheka tena, mabega yakimtikisika, machozi yakimtoka, bila sauti.

Orodha ilikuwa bado imehifadhiwa. Tuliifungua. Kila mfumo wa sauti wa Linux ulikuwa na neno NO mbele yake. Vifaa vya kujengea sauti havikuwemo kwenye kompyuta nilipoanza, basi programu ikajijenga bila njia ya kutolea sauti, wala haikulalamika.

"Mimi pia nasali, mzee wangu," Abdulatifu alisema akichomeka flashi yenye vile vifaa. "Ila leo omba macho wazi."

Nilifuta ujenzi wa zamani, nikaanza upya. Niliomba macho wazi, kidole kikifuata kila mstari, mpaka nikasoma YES. Kujenga kulichukua dakika arobaini. Nilimaliza ile nusu ya rozari.

Tukaufungua tena wimbo. Ndipo Esperansi akaimba.

Siwezi kuandika jinsi ilivyokuwa. Alikuwa na miaka thelathini na nane, na alikuwa akiniita. Ulikuwa wimbo wa mwendo, kama walivyoimba wapagazi wa njia ya zamani ya misafara, mmoja akiita na mwingine akijibu. Esperansi aliita. Kisha pakawa kimya.

"Imekata tena!" Issa akasema.

"Haijakata," nilisema.

Akaita tena. Kimya tena. Pale palikuwa pangu. Mwaka ule wanakwaya walinipa karatasi ya maneno ya kujibu, na sikujua kusoma. Nikawaambia nina kikohozi, nikatoka nje nikakaa penye baiskeli. Yeye akaimba peke yake, akiniachia nafasi kila ubeti. Wiki nzima nilikuwa nikiuona ule mstari ukilala, nikajifanya sijui kwa nini.

Esperansi alinishika mkono. "Nafasi yako bado ipo," akanong'ona.

Nikasimama.

"Mwalimu, Issa, nanyi nyote, mnishuhudie," nilisema kwa sauti. "Esperansi, mke wangu, Jumapili ya kwanza ya Majilio, mbele ya kwaya ya Usoke, utaniita kutoka kwenye mashine hii. Nitashika karatasi, nitaisoma, na nitakujibu kila ubeti."