Ruhusa ya Kumzika Ongom

Mimi ndiye niliyemuua mzee Ongom, kwa kalamu, mwaka 1972. Hata sura yake sikuijua. Nilikuwa karani wa mahudhurio katika idara moja ya maji, Kampala, na mwanawe, Obwona, fundi bomba wetu, hakuonekana kazini siku kumi na tisa. Wanajeshi walikuwa wakiwasaka Waacholi nyumba kwa nyumba, naye alijificha kwa muuza mkaa Kawempe. Ningeandika nini kitabuni? Nikaandika: amekwenda kumzika baba yake. Alipotoka mafichoni alinishukuru, kisha akatema mate chini, maana kumtamkia kifo mtu aliye hai si jambo dogo kwao. Nikamwambia heri baba afe kitabuni kuliko mwana afe kambini.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikwenda miaka mitatu.

Mwaka 1975 ukaja waraka: kibarua wa serikali aliyefanya kazi miaka mitano mfululizo ataingizwa katika mfuko wa akiba ya uzeeni. Mimi Mkenya haukunihusu. Lakini Obwona alikuwa na watoto sita na mgongo uliokwisha kwa kuinama mitaroni.

"Dada Awiti," aliniambia, "bila hii mimi nitazeeka namna gani?"

Kapteni aliyewekwa kuwa mkuu wetu alikipekua kitabu mwenyewe, kidole juu ya kila mstari, mpaka akazifikia zile siku kumi na tisa.

"Huyu baba yake nakufa, karatasi iko wapi?"

"Ni kijijini, afande. Huko watu wanazikwa bila karatasi."

"Hapana karatasi, hapana akiba. Na kama baba hapana kufa, yeye alikuwa wapi?"

Swali hilo la pili ndilo lililotukausha mate. Hati isipopatikana, Obwona angekosa akiba, tena angelazimika kueleza alikokuwa.

Jumamosi akapanda basi kwenda kwao. Mzee Ongom, alinisimulia baadaye, alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka hadi akakohoa, akachukua fimbo yake na kumwongoza mwanawe kwa chifu wa gombolola, yaani tarafa yao. "Andika kwamba nimekufa," akamwambia chifu. "Kifo changu kikimlisha huyu, nitalalamika nini?" Chifu akaandika, marehemu amekaa mbele yake.

Obwona akaingizwa mfukoni. Likabaki sharti moja: miezi sita ya majaribio, asikose hata siku moja ila kwa ruhusa yenye sahihi ya kapteni. Atakayekosa atafutwa, na faili lake litachunguzwa upya.

Mwezi wa tatu wa majaribio, asubuhi, alikuja mezani kwangu macho mekundu.

"Dada, niandikie ruhusa."

"Ya nini?"

"Baba."

Nilifungua faili lake kama mjinga, nikakutana na ile hati, muhuri na kila kitu: Ongom, amefariki Septemba 1972. Serikalini mtu hazikwi mara mbili. Ugonjwa ulitaka barua ya daktari, na daktari wa kututungia barua tusingempata siku zile. Hasira zikanipanda, juu ya kapteni, juu ya waraka, na zaidi juu ya kalamu yangu iliyojitia kujua kusaidia watu. Nilijichukia.

"Tuandike mama," nikasema.

Akalifunga lile faili.

"Mama hapana, dada. Wacha mama yangu abaki."

Siku ya maziko alikuwa Makindye, akichimba mtaro wa bomba. Alikuwa kifungua mimba. Udongo wa kwanza ulikuwa wake kuutupa. Wenzake wote walijua, na hakuna aliyethubutu kumpa pole, maana kapteni alikuwa ameweka kiti chake kivulini, hatua chache tu kutoka pale. Nilimpelekea chai, nikijidai nimeleta karatasi za kutia sahihi. Hakuigusa. Alikuwa amesimama ndani ya mtaro, ukingo ukimfika mabegani.

"Dada," akauliza kwa sauti ya chini, "saa hizi watakuwa wamekwisha mfukia?"

Nilitazama saa. Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Wamekwisha," nikasema.

Akainama, akaendelea kuchimba.